Salamu mlangoni, dakika mbili au maoni daftarini? Njia nne za kujenga uhusiano na wanafunzi

Darasa lina wanafunzi 45, kipindi ni dakika 40, na nusu ya madaftari ya jana bado hayajasahihishwa. Mwalimu wa darasa hilo akiambiwa "jenga uhusiano na kila mwanafunzi" anaitikia kwa kichwa, kisha anarudi ubaoni kama kawaida, kwa sababu hakuna aliyemwambia aanzie wapi wala muda autoe wapi. Tumechukua njia nne zinazotumika sana na kuzipima kwa mizani moja: zinakula dakika ngapi, zinamfikia nani, zinabadilisha nini katika kujifunza kwenyewe, na zinaharibikia wapi.

Kipimo kimoja zaidi tumekiazima kwa mwanafalsafa wa elimu Nel Noddings, aliyeandika mwaka 1984 kwamba kujali hakukamiliki mpaka anayejaliwa akupokee kujali huko. Mwalimu anaweza kukesha akiandaa somo kwa ajili ya wanafunzi wake, asubuhi wao wakaona sura iliyonuna tu. Kwa hiyo kila njia tumeiuliza pia: mwanafunzi mwenyewe ataona nini?

| Njia | Muda, darasa la 45 | Inamfaa nani | Inapokwama |
|---|---|---|---|
| Salamu mlangoni | Dakika 3 kila kipindi | Darasa zima, hasa linalochelewa kutulia | Hakuna zoezi ubaoni. Salamu inageuka ukaguzi |
| Dakika mbili kwa siku kumi | Dakika 20 kwa mwanafunzi mmoja | Mmoja au wawili waliojitenga | Inakatishwa siku ya nne; inageuka mahojiano |
| Maoni daftarini | Dakika 20 hadi 25 kwa wiki, madaftari 15 | Wanaodhani mwalimu amewakatia tamaa | Hakuna nafasi ya kurudia kazi |
| Mazungumzo baada ya mgongano | Dakika 5 | Mwanafunzi mliyekorofishana | Radhi ya kulazimishwa |

Salamu mlangoni

Hesabu yake ni nyepesi: sekunde nne kwa kila anayeingia, mara 45, ni dakika tatu. Dakika hizo haziibwi kwenye somo. Ni zile zile ambazo kwa kawaida huishia kwenye kuburuta madawati na kusukumana.

Simama kizingitini mahali unapoona nje na ndani kwa pamoja. Zoezi la kwanza liwe limeshaandikwa ubaoni kabla mwanafunzi wa kwanza hajaingia. Kila anayefika mtaje kwa jina, mtazame, mpe neno moja la kazi: "Neema, karibu. Swali la kwanza liko ubaoni." Aliyekuwa na siku mbaya jana mwongezee sentensi moja ya leo: "Juma, kundi lako linakungoja, mna swali la tatu." Ya jana usimkumbushe, anayakumbuka vizuri kuliko wewe.

Jaribio linalotajwa sana ni la Clayton Cook na wenzake, lililochapishwa mwaka 2018, katika madarasa 10 ya shule za kati nchini Marekani. Muda ambao wanafunzi walikuwa kwenye kazi uliongezeka kwa pointi 20 za asilimia, na usumbufu ukapungua kwa pointi 9. Walimu wale hawakusalimia na kunyamaza. Walimwelekeza kila mmoja kwenye kazi ya kwanza na kumtia moyo aliyeteleza siku iliyopita. Anayechukua salamu na kuacha zoezi anapata wanafunzi waliochangamka na kelele zile zile.

Kosa la pili ni kugeuza mlango kuwa kizuizi cha ukaguzi: "Mbona shati liko nje? Kitabu kiko wapi?" Baada ya wanafunzi watano kuulizwa hivyo, wa sita anaanza kujipapasa kabla hajafika. Shati lingoje. Mchelewaji naye asalimiwe kama wengine, na sababu aulizwe baadaye, kwa sauti ya chini, wenzake wakiwa wanaandika.

Pale ambapo wanafunzi wanabaki chumba kimoja na walimu ndio wanaozunguka, mlango haukusaidii kitu, kwa kuwa unawakuta wamekaa. Andika zoezi, kisha pita safu kwa safu kwa dakika tatu hizo hizo ukitaja jina na kugusa kona ya daftari lililokwisha kufunguliwa. Kama darasa ni kubwa kuliko 45, gawa safu kwa siku, lakini anza na safu ya nyuma. Safu ya mbele huwa inasalimiwa hata bila mpango.

Dakika mbili kwa siku kumi

Njia hii inahusishwa na mwanasaikolojia Raymond Wlodkowski, na kanuni yake inakaa kwenye sentensi moja: mwanafunzi mmoja, dakika mbili kila siku, siku kumi za shule mfululizo, mazungumzo ya chochote isipokuwa masomo na nidhamu. Imesambaa zaidi kwa masimulizi ya walimu kuliko kwa majaribio yaliyopimwa, na hilo lisisahaulike unapoilinganisha na nyingine. Ila gharama yake ni ndogo mno kiasi kwamba kuijaribu hakumtishi mtu, mradi usiijaribu kwa darasa zima. Dakika 20 mara 45 ni saa 15.

Ugumu uko siku tatu za kwanza. Mwanafunzi aliyezoea kuitwa na mwalimu anapokosea tu atajibu "ndiyo," "hapana," "sijui," huku akitafuta mtego uko wapi. Kwa hiyo siku ya kwanza usianze na swali. Anza na ulichokiona: "Naona umechora gari kwenye jalada la daftari. Tairi zake umezipatia." Sema hilo, ngoja kidogo, ondoka. Siku ya pili ongeza swali lisilo na jibu baya: "Unaanza kuchora na nini, bodi au tairi?" Kufikia siku ya tano au ya sita mara nyingi yeye ndiye anayeanza.

Yanayoiharibu tunayajua. Mwalimu anauliza kuhusu nyumbani siku ya kwanza, na mazungumzo yanakuwa mahojiano. Anamwita mbele ya wenzake, na kufikia mapumziko mwanafunzi ameshabatizwa jina la kipenzi cha mwalimu. Anakata tamaa siku ya nne kwa sababu ya majibu ya neno moja. Au anamaliza siku ya kumi na siku ya kumi na moja anampita kama mti, jambo linalomthibitishia mtoto alichoshuku tangu mwanzo. Baada ya siku kumi punguza, usikate: mara mbili kwa wiki, nusu dakika, yatosha.

Mazungumzo yafanyike mahali mnapoonekana na watu, mlango ukiwa wazi, ila mnayosema yasisikike. Mwanafunzi akianza kueleza kwamba anaumizwa, usimwahidi siri. Mwambie: "Nashukuru umeniambia. Hili nitalazimika kumweleza mtu anayeweza kukusaidia, na nitakuambia ni nani." Kisha fuata utaratibu wa shule siku hiyo hiyo, bila kumhoji zaidi.

Maoni daftarini

Tungeruhusiwa kumpa mwalimu mpya njia moja tu, tungempa hii, kwa sababu ndiyo pekee kati ya nne inayofanyika ndani ya kazi ya somo lenyewe.

David Yeager, Geoffrey Cohen na wenzao walichapisha jaribio lake mwaka 2014. Wanafunzi wa darasa la saba nchini Marekani waliandika insha, walimu wakaisahihisha kwa ukali wa kawaida, kisha kila insha ikabandikwa kijikaratasi. Kwa kundi moja kilisema tu kwamba maoni ni ya kuwapa mrejesho. Kwa kundi jingine kilisema, kwa maana yake, kwamba mwalimu ameandika maoni haya kwa kuwa anawatarajia makubwa na anajua wanaweza kuyafikia. Miongoni mwa wanafunzi Wamarekani weusi, walioamua kuirudia insha yao walikuwa asilimia 17 katika kundi la kwanza na asilimia 72 katika la pili. Kwa wanafunzi weupe, ambao wengi wao wangerudia hata bila kutiwa moyo, tofauti ilikuwa ndogo zaidi.

Wengi wanasoma matokeo hayo na kukimbilia kunakili ile sentensi. Tazama kilichoizunguka: insha ilikuwa imesahihishwa kwelikweli, na mwanafunzi alikuwa na nafasi ya kuirudia. Sentensi nzuri juu ya daftari lililowekewa vema bila kusomwa ni pambo, na watoto hulijua pambo upesi.

Chukua mfano wa kutoa kwa tarakimu tatu. Swali ni 503 − 178, na mwanafunzi ameandika 475. Mwalimu mwenye haraka anapiga mkasi na kuandika "Ongeza bidii." Bidii ya kufanya nini? Mtoto huyu hakuzembea. Kila safu ametoa tarakimu ndogo kwenye kubwa: 8 toa 3, 7 toa 0, 5 toa 1. Ana kanuni, ameifuata bila kukosea hata mara moja, na kanuni ndiyo mbovu. Akiongeza bidii atakosea kwa ufasaha zaidi.

Maoni yanayofaa yana sehemu tatu, na yanaenea kwenye mistari minne:

"Umepanga vizuri mamoja, makumi na mamia. Kwenye mamoja umetoa 3 kwenye 8, lakini swali linataka 8 itoke kwenye 3. Makumi ni 0, kwa hiyo kopa kwanza kwenye mamia. Swali hili ni gumu na nimekupa kwa sababu unaliweza: rudia, kisha ufanye 602 − 347, nitaliangalia Alhamisi."

Swali la marudio halikuokotwa hovyo. Nalo lina sifuri katikati, hivyo kanuni mbovu itatoa 345 na sahihi itatoa 255. Alhamisi, kwa kulitupia jicho tu, mwalimu anajua kama kosa limeondoka au limejificha. Na mwanafunzi anaona nini? Anaona mtu aliyeisoma hesabu yake hatua kwa hatua, akapanga siku ya kurudi kuitazama. Hilo ndilo linalosema "nakujali," hata mwalimu akiwa si mwepesi wa tabasamu.

Muda: dakika moja na nusu kwa daftari, madaftari 15 kwa wiki, darasa zima ndani ya wiki tatu. Weka orodha na utie alama kwa kila aliyeandikiwa, la sivyo utajikuta unawaandikia wale wale wenye mwandiko unaosomeka. Madaftari mengine yapate vema na mkasi kama kawaida. Alhamisi ikifika na usiliangalie, njia imekufa kwa mwanafunzi huyo, na kuifufua ni kazi kuliko kuianza. Ahidi siku unayoiweza.

Kwa madarasa ya chini ambako kusoma bado ni shida, sema maneno hayo hayo kwa mdomo, umeinama usawa wa dawati, kidole kwenye safu yenye kosa.

Kuna jamaa wa njia hii asiyegharimu dakika za ziada nje ya kipindi: kungoja. Mary Budd Rowe, katika tafiti zake za miaka ya 1970, alikuta walimu wakiuliza swali na kungoja kama sekunde moja tu kabla ya kumpa mwingine au kujijibu wenyewe, na wale walioonwa dhaifu ndio waliopewa muda mfupi zaidi. Walimu waliposogea hadi sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na walioshindwa kujibu wakapungua. Hesabu kimya kimya moja, mbili, tatu. Sekunde tatu darasani ni ndefu kuliko unavyodhani.

Mazungumzo baada ya mgongano

Tatu zilizotangulia zinajenga. Hii inaziba ufa, na mwalimu aliyemfokea mwanafunzi asubuhi hawezi kuiruka na kurukia salamu ya mlangoni kesho yake kana kwamba hakikutokea kitu.

Ngoja wote wawili mpoe, lakini yasivuke kipindi kinachofuata. Kaeni pembeni, mnaonekana ila hamsikiki. Anza na sehemu yako kama ipo: "Nilikupazia sauti mbele ya wenzako. Haikufaa." Kisha uliza "Ilikuwaje?" na si "Kwa nini ulifanya vile?" Swali la pili linadai utetezi, na utapewa utetezi. Sikiliza mpaka amalize hata kama unajua kipande fulani si kweli. Malizieni kwa jambo moja ambalo kila mmoja atafanya kesho. Dakika tano zinatosha, kwani zikizidi kumi yameshakuwa mahubiri.

Adhabu iliyostahili ibaki. Walimu wengi hudhani kutengeneza uhusiano ni kufuta adhabu, na darasa linajifunza kwamba anayelia vizuri husamehewa. Mwanafunzi anaweza kusafisha alichochafua na bado akajua kwamba hachukiwi. Kuomba radhi kusilazimishwe: radhi ya kushurutishwa inafundisha kusema tu.

Jason Okonofua, David Paunesku na Gregory Walton waliwafanyisha walimu wa hisabati zoezi fupi la mtandaoni la kusoma na kuandika juu ya kumwelewa mwanafunzi anayekosea, katika shule tano za kati huko California. Utafiti ulichapishwa mwaka 2016. Wanafunzi walikuwa 1,682 na walimu 31. Waliosimamishwa shule angalau mara moja mwaka huo walikuwa asilimia 9.6 kwa walimu ambao hawakupata zoezi hilo, na asilimia 4.8 kwa waliolipata. Kilichobadilishwa ni namna mwalimu anavyomsoma mtoto aliyekosea, kanuni za shule ziliachwa zilivyo.

Upole usiodai kazi

Njia zote nne zinaweza kutumiwa vibaya kwa namna moja: mwalimu anapendwa, na hakuna anayejifunza. Mtafiti Judith Kleinfeld alilitazama jambo hili mwaka 1975 kwa walimu waliofundisha wanafunzi wa jamii za wenyeji wa Alaska. Waliofanikiwa zaidi walikuwa na joto la kibinadamu na wakati huo huo walidai kazi bila kulegea. Wenye joto peke yake walipendwa, ila wakawaacha wanafunzi wabaki walipo.

Dalili yake ni rahisi kuiona. Mwanafunzi amerudisha karatasi tupu, mwalimu anasema "mwache, ana matatizo nyumbani." Mwenzake anayejua matatizo yale yale anasema: "Najua jana ilikuwa ngumu. Leo nataka maswali mawili kati ya matano, nitakuja kwenye dawati lako baada ya la kwanza." Amepunguza mzigo, hakuuondoa, na amesema yeye atakuwa wapi. Ukijikuta umemwachia mwanafunzi mmoja kazi mara tatu mfululizo, huruma hiyo imeshaanza kumgharimu.

Uchague ipi

Kabla ya kuchagua, chukua karatasi na, bila kutazama daftari la mahudhurio, andika majina ya darasa zima kwa dakika tano. Kisha kando ya kila jina andika jambo moja unalolijua ambalo si alama za mtihani. Matokeo huwa ya aina tatu, na kila aina ina njia yake.

Majina mengi hayajakujia kabisa: anza na salamu, kwa kuwa ndiyo njia ya haraka ya kuyajua, na uifanye kwa wiki tatu kabla ya kuongeza chochote. Jina linalotamkwa ovyo ni bora uliulize mara moja, uliandike linavyosikika, kuliko kulikwepa muhula mzima.

Majina yote yamekuja isipokuwa mawili au matatu: hao ndio wa dakika mbili kwa siku kumi, mmoja baada ya mwingine. Mara nyingi si watukutu. Watukutu ndio huwa unawaandika kwanza. Ni wale wakimya wenye alama za wastani wanaokaa katikati ya darasa, ambao hakuna mwalimu anayewalalamikia wala kuwasifu.

Majina yamekuja, na kando ya kila jina lipo jambo, lakini alama hazisogei: uhusiano upo, haujaingia kwenye kazi. Hapo nenda moja kwa moja kwenye maoni daftarini, na salamu iendelee au isiendelee, upendavyo.

Mazungumzo ya baada ya mgongano hayangoji zamu. Yakihitajika, yanatangulia yote.

Usianze mbili kwa wiki moja. Zikifaulu hutajua ipi ilisaidia, na zikikwama utaziacha zote. Kwa salamu, hesabu dakika kutoka kengele hadi kalamu zote ziwe zinaandika. Kwa maoni, hesabu madaftari yaliyorudishwa yamesahihishwa upya kati ya 15. Andika namba ya wiki ya kwanza kabla hujaanza, kwa sababu baadaye utaikumbuka kuwa mbaya zaidi ya ilivyokuwa. Na kama baada ya wiki tatu za salamu kalamu bado zinachelewa, angalia kwanza kilichokuwa ubaoni: zoezi la kwanza likiwa gumu kiasi kwamba nusu ya darasa haiwezi kulianza bila msaada, watasimama kukusubiri hata ungewasalimia kwa wimbo.